Maskati Si Mbali na Kengeleni

Wiki hii hakuna vidio ya kuchekesha. Niko na kitu kimenikaa kifuani na nimeona bora nikiandike, manake nikikisema mbele ya kamera nitaanza kufanya vituko, na hiki hakitaki vituko.

Iko hivi. Dadangu mdogo ana miaka 21. Anasuka nywele kwenye saluni ya mtu pale Mlaleo, na siku ikiwa mbaya anarudi nyumbani na nauli tu. Pasipoti yake imetoka. Kuna ajenti amemwambia Maskati iko nyumba inatafuta msichana wa kazi, tikiti analipiwa, mkataba miaka miwili, na jibu linatakikana kabla ya Ijumaa.

Mamangu yuko Maskati tangu 2019. Kwa hivyo nyumbani kwetu hilo jina si geni. Ni jina la maboksi ya nguo, la halua kwenye mkebe, la simu ya saa nne usiku baada ya mama kumaliza kuosha vyombo vya watu. Lakini Jumamosi dadangu alikaa kitandani kwangu akaniuliza: "Kaka, we si ndiye mtu wa historia? Kila siku unaeleza watu Ngome ya Yesu, sijui Mji wa Kale. Haya niambie, Maskati ni mji gani?"

Nikamwambia ni mji msafi, uko na milima. Basi. Hapo ndio nilipoishia.

Miaka yote hiyo mamangu analala mji huo, anaamka mji huo, analipia chakula chetu kutoka mji huo, na mimi ninayejiita mtu wa historia sina hata sentensi tatu. Niliona haya. Nikanunua bando, nikaanza kusoma, na nikamtumia mama maswali kwa WhatsApp awe ananijibu kwa sauti akipata nafasi. Nilichokipata ndicho hiki.

Kwanza, Maskati na Mombasa ni miji iliyoogopeshwa na mtu mmoja. Sikutanii. Wareno waliivamia Maskati mwaka 1507, wakaichoma, wakakaa. Mombasa walikuwa washaichoma mwaka 1505. Mwaka 1581 akatokea nahodha wa Waturuki anaitwa Mir Ali Bey, akashuka Maskati na meli chache tu, Wareno wakatoka mbio, akapora mji. Miaka michache baadaye jamaa huyo huyo akaja huku kwetu pwani, na watu wa Mombasa wakampokea kwa sababu walishachoka na Wareno. Akarudi tena, na mwaka 1589 Wareno wakaja na meli kutoka Goa wakamshika hapa hapa Mombasa, huku Wazimba wako upande wa bara wanangoja kuvuka kisiwani.

Baada ya hofu hiyo Wareno walifanya nini? Kule Maskati walijenga ngome mbili juu ya mawe, moja kila upande wa mlango wa bandari. Leo zinaitwa Jalali na Mirani. Hizo ni za miaka ya 1580. Hapa wakaanza Ngome ya Yesu mwaka 1593. Kwa hivyo ukiwa kwenye feri ya Likoni unavuka na akili yako iko kwa deni la mama mboga, jua hiyo ngome iliyoko upande wa pili wa kisiwa ina ndugu zake Maskati. Mama aliniambia amewahi kuziona zote mbili akiwa kwenye gari la mwajiri, akafikiri, "Hii mbona kama ya kwetu?" Hakuna aliyemwambia. Aliona mwenyewe.

Halafu Waomani wakaikomboa Maskati mwaka 1650. Habari ikafika huku, wazee wa Mombasa wakatuma watu kwenda kwa Imamu wa Oman kuomba msaada. Mwaka 1696 Waomani wakaizingira Ngome ya Yesu, wakakaa nje karibu miaka mitatu, na Desemba 1698 ikaanguka. Shuleni tulifundishwa hapo kama mwisho wa hadithi: Wareno wabaya wametoka, asanteni. Lakini ukiomba mtu akutolee mgeni nyumbani, usishangae akikaa yeye. Wamazrui waliwekwa hapa kama magavana, wakaja wakajitawala, na mwaka 1837 Sultani Said bin Sultan akaichukua Mombasa kutoka kwao.

Huyu Said ndiye mtu wa kumjua. Maskati ilikuwa washaifanya kiti cha utawala tangu miaka ya 1780, kabla ya hapo watawala walikaa miji ya ndani kama Rustaq. Na unaelewa kwa nini walishuka pwani: pesa ilikuwa baharini. Maskati haina mto, haina shamba, nyuma ni mlima wa mawe meusi na mbele ni maji. Kilichoifanya mji ni bandari tu. Meli inayotoka India, inayotoka Ghuba, inayotoka kwetu, zote zinapita hapo, zinalipa ushuru, zinajaza maji, zinaondoka. Sasa Said akatazama ramani akaona pesa nyingi zaidi iko huku: karafuu, pembe, na watu. Ndio, watu. Nitarudi hapo. Kufikia miaka ya 1830 akahamishia makao yake Unguja. Hebu fikiria, sultani wa Maskati anaona Maskati haimtoshi, anakuja kuishi huku kwetu.

Alipofariki mwaka 1856 watoto wakagombania. Mmoja alikuwa na Maskati, mmoja ana Unguja na pwani yetu. Waingereza wakaingia kati, na mwaka 1861 wakaamua ziwe dola mbili, ila Unguja iwe inailipa Maskati riali 40,000 za Maria Theresa kila mwaka, manake Unguja ndiyo iliyokuwa tajiri.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Miaka 160 na kitu iliyopita, huku kwetu ndiko pesa zilikokuwa zikitoka kwenda Maskati. Leo mamangu analipwa riali 90 kwa mwezi na anatuma huku. Riali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi mimi narudisha deni."

Sasa nirudi kwa watu.

Mimi nakaa Kisauni. Ukitoka daraja la Nyali, steji ya kwanza yenye makelele ni Kengeleni. Tunashuka hapo, tunanunua viazi karai hapo, tunagombana na makanga hapo. Wangapi kati yetu washawahi kuuliza kengele iko wapi? Iko. Iko kwenye mnara mdogo pale pale, watu wanapita. Eneo hilo ndilo Frere Town, mtaa uliofunguliwa na wamisionari wa CMS miaka ya 1874 na 1875 kuweka watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wazee wanasema kengele ililia kuwaonya watu wakati wafanyabiashara wa watumwa wanakaribia.

Jina Frere ni la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyekuja mwaka 1873 kuwabana masultani wasaini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Masultani wangapi? Wawili. Barghash wa Unguja, na Turki wa Maskati. Frere alikwenda kote. Turki akasaini Aprili, Barghash akasaini Juni. Kwa hivyo hii steji yetu ya Kengeleni, jina lake limeunganika na karatasi iliyosainiwa Maskati. Watu waliokuwa wakivushwa kutoka pwani hii walikuwa wakipelekwa huko na zaidi ya huko: kubeba, kuzamia lulu, kulima mitende, kulea watoto wa watu ndani ya nyumba.

Na karatasi si mwisho. Kwetu kwenye ukanda wa pwani, utumwa wenyewe kisheria ulifutwa mwaka 1907. Oman ulifutwa mwaka 1970. Elfu moja mia kenda na sabini. Nyanyangu alikuwa ashaolewa.

Hapo niliacha kusoma, nikatoka nje nikatembea mpaka barabarani. Sitaki kusema mamangu ni mtumwa. Yeye mwenyewe hatapenda, na si kweli: alikwenda kwa hiari yake, ana mkataba, ana simu, anatuma pesa, na nyumba aliyoko sasa wanamheshimu. Lakini nyumba ya kwanza haikuwa hivyo. Pasipoti yake ilifungiwa kabatini, simu alipewa Ijumaa tu, na mshahara wa miezi mitatu ulikuja kwa mapande. Viza yake imefungwa kwa jina la mwajiri, yule wanayemwita kafili, kwa hivyo kuondoka si kama kuacha kazi ya saluni Mlaleo. Ukiondoka vibaya wewe ndiye unayeitwa mtoro. Mambo haya anayajua kila aliyekuwa na mtu Ghuba. Nilichokuwa sijui ni kwamba njia yenyewe ni ya zamani hivyo, na kwamba kengele yake iko steji kwangu.

Twende mbele. Baada ya 1861 Maskati ikaanguka. Meli za mvuke zikaanza kuzoa mizigo iliyokuwa inabebwa na majahazi, pesa za Unguja zikawa hazitoshi wala hazitegemeki, biashara ya watu ikabanwa, na makabila ya ndani yakawa hayamtaki sultani wa pwani. Watu wakahama. Wengi walikuja kwetu. Wale wenye maduka ya halua na wauza kahawa Mombasa, familia zao hazikushuka kutoka mbinguni, zilikimbia njaa ya Oman. Yaani kulikuwa na wakati kijana wa Maskati akitaka maisha anakuja Mombasa. Ajenti wake alikuwa nahodha wa jahazi na viza yake ilikuwa upepo wa kaskazi.

Karne ya 20 ikaingia na mji bado umelala. Kulikuwa na sultani anaitwa Said bin Taimur, alitawala 1932 mpaka 1970, na miaka yake ya mwisho hakukaa hata Maskati, alijifungia Salalah, kusini kabisa. Maskati ilikuwa na ukuta na milango. Usiku, saa tatu baada ya jua kutua, mzinga unapigwa kutoka ngome ya Mirani na milango inafungwa. Ukitembea ndani ya mji baada ya hapo lazima ushike taa ya mafuta mkononi uonekane uso. Na sizungumzii zama za Mir Ali Bey. Hiyo ni miaka ya 1960, wakati Kilindini winchi zinafanya kazi usiku kucha na Changamwe kiwanda cha kusafisha mafuta kimefunguliwa, 1963.

Kufikia 1970, nchi nzima ya Oman ilikuwa na shule tatu za kisasa na barabara ya lami kama kilomita 10. Nchi nzima! Mombasa peke yake ilikuwa imewapita mara sijui ngapi.

Na hapa ndipo ninapotaka kugombana na wale wa barazani. Kila ukitaja Ghuba pale kwenye kahawa, mtu atakwambia, "Ah, wale wako na mafuta, sisi tuna nini?" Sikilizeni. Oman ilianza kuuza mafuta nje Julai 1967. Miaka mitatu ikapita, mafuta yanauzwa, pesa inaingia, na bado shule ni tatu na taa ni ya kushika mkononi. Mafuta yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba hizo pesa ni za watu.

Tarehe 23 Julai 1970 mtoto wa sultani, Qaboos, mwenye miaka 29, akampindua babake kwa msaada wa Waingereza. Uwanja mpya wa ndege ukafunguliwa Seeb mwaka 1973. Bandari mpya ya Mutrah ikafunguliwa mwaka 1974. Bonde la Ruwi, palipokuwa na kiwanja kidogo cha ndege na vumbi, likawa mtaa wa mabenki. Milango ikaacha kufungwa. Mji ukatoka nje ya ukuta ukafuata pwani, kilomita baada ya kilomita, nyumba nyeupe na fupi, manake baraza la mji lilikataza maghorofa marefu kama ya Dubai. Chuo kikuu mwaka 1986. Leo mkoa wa Maskati una watu zaidi ya milioni moja.

Lakini barabara na bandari hazijiendeshi. Nani angefanya kazi kwenye ofisi za serikali, nchi yenye shule tatu? Hapa sasa mama ndiye alinipa jibu, si intaneti.

Kwenye nyumba aliyoko sasa kuna bibi kizee, mamake mwenye nyumba. Siku ya kwanza mama anaingia, amejipanga na Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika, yule bibi akamtazama akamwambia, "Karibu mwanangu, umetoka Mombasa ipi? Kisiwani au ng'ambo?" Mama anasema miguu ilimlegea. Bibi amezaliwa Unguja. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 familia ilikimbia, wakakaa Mombasa kwa jamaa zao Kibokoni, kisha Dubai. Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi, wakaenda Maskati, mwaka 1973. Bibi alikuwa amesoma Unguja mpaka sekondari. Alipofika Maskati akapewa kazi ya ualimu wiki hiyo hiyo, hana hata kitanda.

Walikuwa wengi kama yeye. Walimu, wauguzi, makarani, mainjinia, watu wa benki na wa simu, waliozaliwa Unguja, Pemba na pwani yote hii, waliosoma huku. Ndio maana mpaka leo Maskati unaweza kununua vitu dukani kwa Kiswahili, na zile kofia za kudarizi wanazovaa Waomani wote ni hizi hizi za kwetu. Wengine kati yao walidharauliwa mwanzoni kwa sababu Kiarabu chao kilikuwa kizito. Waliitwa Wazinjibari, na bado wanaitwa. Lakini faili zilihitaji mtu wa kuzisoma.

Kwa hivyo ukiniuliza nani alijenga Maskati, nitakwambia mafuta yalilipa bili. Elimu ya pwani yetu ilikaa kwenye viti, na mikono ya Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi ikashika mawe kwenye lile jua. Mji ule umejengwa na watu waliotoka makwao. Na Mombasa imekuwa mji unaotoa watu. Tofauti yetu si mafuta, ni hiyo.

Sisemi Maskati ni pepo. Huko vyama vya siasa havikuruhusiwa na sultani hapigiwi kura. Vijana wao pia wana njaa ya kazi. Mwaka 2011 na tena 2021 waliingia barabarani kule Sohar wakidai ajira. Kwa hivyo msiniandikie "tunahitaji sultani." Hatuhitaji. Sisi tuna kura, tuna kaunti tangu 2013, tunaweza kumtukana gavana mchana kweupe na kulala nyumbani. Swali langu ni kwa nini tukiwa na hayo yote bado tunangoja msiba ndio tupate kitu. Feri ya Mtongwe ilizama mwaka 1994, watu 272 wakafa, na miaka mingi baadaye bado tulikuwa tunabanana Likoni kama dagaa. Daraja la kuelea la Liwatoni lilikuja na korona. Daraja la kudumu la Likoni bado ni picha kwenye gazeti.

Na kuna jambo moja la bandari ambalo limenikaa zaidi. Mwaka 2014 Oman iliondoa mizigo yote ya kibiashara kwenye bandari ya Maskati, pale Mutrah, ikaipeleka Sohar, zaidi ya kilomita 200. Mutrah ikabaki ya meli za watalii. Mji uliozaliwa na bandari ukanyang'anywa makontena. Ukisikia hivyo unakumbuka nini? Mimi nakumbuka 2019, makontena ya Kilindini yalipoamriwa yapande reli mpya kwenda bara. Vijana waliandamana mjini kila Jumatatu.

Babangu alikuwa dereva wa lori, Changamwe. Mwezi Januari alikuwa na safari tatu kwa wiki. Kufikia Agosti alikuwa anakaa yadini anacheza drafti. Tajiri wake akauza malori mawili, akabaki na moja, na hilo moja halikuwa la babangu. Septemba mama akaondoka.

Sijawahi kuziweka hizo sentensi mbili pamoja mpaka wiki hii. Nyumbani tulikuwa tunasema "mama alikwenda kutafuta." Hakuna aliyesema kontena limehama, kwa hivyo mama akahama. Wale wa Maskati walipohamishiwa mizigo walikuwa na pesa ya kuweka kitu kingine mahali pake. Sisi mahali pake tuliweka mama zetu.

Sasa sehemu yangu, na hii ndio ngumu.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo. Nimelitania sana hilo kwenye vidio, "profesa wa mwaka wa pili." Ambacho sijawahi kusema ni kwamba karo ya muhula wa mwisho mama aliituma. Niliipokea. Nikanunua simu ya kurekodia na taa, na nikaacha kwenda darasani. Nilimwambia baada ya miezi minane. Hakunifokea. Alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Sasa hiyo simu inatoa picha nzuri?" Wallahi afadhali angenitukana.

Hiyo karo ilikuwa mkataba wake wa pili. Alikuwa arudi. Aliongeza miaka miwili kwa ajili yangu, na baadaye ikazaa mingine.

Kwa hivyo dadangu akiniuliza Maskati ni mji gani, haulizi jiografia. Anauliza kama aende kumpokea mama zamu. Hayo ndio maneno yake: "Mimi nikienda, mama atarudi." Na mimi ninayeweza kumwambia usiende ndiye niliyekula karo.

Alhamisi usiku tulimpigia mama, sote wawili, simu katikati ya kitanda. Nikamsomea niliyoyaandika, ngome, riali 40,000, taa za usiku, Bibi, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie dadako ukweli, usinipambie mji na usinichafulie. Mji ni mzuri. Bahari yake ni kama ya Nyali. Watu wengine wazuri, wengine wabaya, kama Kisauni. Lakini mimi huu mji nimeujua kwa kioo cha gari. Bibi aliujenga, ana haki ya kuupenda. Mimi naupangusa vumbi."

Dadangu akalia. Mimi nikatazama dari.

Baadaye nikamwambia dadangu nitauza kamera na ile taa, zinatosha muhula wa kwanza wa kozi ya upishi wa hoteli anayoitaka tangu fomu tuu. Nitabaki kurekodi na simu. Akafuta machozi, akanitazama kama anavyotazama wateja wasiolipa: "Na muhula wa pili?"

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu kamili. Niko na kazi ya kupiga picha harusi mbili, niko na watu wawili wa biashara Bamburi wanataka matangazo, na niko na nyinyi. Nimeandika hesabu kwenye karatasi, nimeibandika ukutani, na yeye anaikagua kila jioni kama mwalimu.

Ijumaa alimpigia ajenti. Hakusema ndio, hakusema la. Alisema mamake anarudi Desemba mkataba ukiisha, na atatoa jibu akishakaa naye wakala mahamri na mbaazi. Ajenti akasema nafasi haingoji. Akamwambia basi impite.

Jana jioni tulishuka Kengeleni pamoja. Nikamwonyesha kengele. Kapita hapo tangu nasari na alikuwa hajawahi kuinua kichwa. Akaitazama kwa muda, akaniuliza kama bado inalia. Nikamwambia sijawahi kuisikia. Akasema twende, mafuta ya viazi yasipoe.

Ukiwa na mama, shangazi au dada huko Ghuba, leo usimuulize kama pesa imetumwa. Muulize mji wake ukoje. Niandikieni majibu, nitayasoma yote.